Namna ya Kusoma Kifupisho BP: Mwongozo Kamili, Kutoka Duka la Dawa Hadi Kwenye Magofu

Herufi B na P zikiandikwa pamoja zinaweza kumaanisha shinikizo la damu, kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza, kiwango cha mchemko cha kimiminika, jozi za besi ndani ya DNA, au umri wa kitu kilichofukuliwa ardhini ukihesabiwa kurudi nyuma kuanzia mwaka 1950. Zina maana nyingine pia, lakini hizi tano ndizo ambazo mtu wa pwani yetu, akiwa Lamu au Malindi, anaweza kukutana nazo katika muda wa wiki moja bila kusafiri mbali: kwenye kadi ya hospitali, kwenye pakiti ya vidonge, kwenye daftari la kemia la mtoto wa sekondari, na kwenye habari za utafiti wa makaburi ya kale ya Manda na Faza.

Nimefanya kazi ya kuuza dawa mjini Lamu kwa miaka mingi, na nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya jambo lililotokea mbele yangu. Bibi mmoja wa mtaa wa Langoni, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja dukani asubuhi akiwa ameshika kichwa.

"Mwanangu, dawa ya presha nameza kila siku, sijaruka hata siku moja, mbona kichwa kinanipasuka?"

"Hebu nionyeshe hiyo dawa, bibi."

Alifungua kifundo cha leso, akatoa kipande cha bamba la vidonge kilichobaki na vidonge vitatu. Bamba lilikuwa limekatwa kwa mkasi, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina la dawa, hivi kwamba nilipolielekeza kwenye mwanga wa mlangoni niliweza kusoma tu: "mol Tablets BP 500 mg". Ilikuwa parasetamoli. Atenololi, dawa yake halisi ya presha, ilikuwa imekwisha siku tisa kabla, na mjukuu wake, kwa nia njema kabisa, alitafuta kwenye mkebe wa dawa akaona herufi BP, akamwambia, "Hizi hapa, nyanya, zimeandikwa BP." Nilipompima, namba zilikuwa 178/104. Atenololi ni dawa isiyofaa kukatizwa ghafla, kwa hiyo nilimpeleka hospitali saa hiyo hiyo, na alhamdulillahi alipata nafuu. Yule kijana hakuwa mjinga, maana alisoma herufi sawasawa. Kilichokosekana ni njia ya kujua herufi zile zilikuwa zikisema nini pale zilipokuwa, na njia hiyo inaweza kufundishwa.

Hatua ya kwanza: nakili herufi kama zilivyo, pamoja na majirani zake

Kabla ya kufikiri juu ya maana, andika kwenye karatasi kile unachokiona bila kubadilisha chochote: kama ni herufi kubwa au ndogo, kama zina nukta katikati, na kama kuna namba, neno au alama iliyotangulia au inayofuata. Usiandike BP peke yake. Andika "Glycerin BP", au "bp 78 °C", au "BP 130/85", au "1150 ± 40 BP", au "650 bp". Ukishafanya hivyo tu, mara nyingi nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kila fani ina desturi yake ya kuweka namba mahali fulani.

Ukubwa wa herufi una maana, lakini usiutegemee peke yake. Wanabiolojia huandika jozi za besi kwa herufi ndogo, bp, na wanaakiolojia huandika umri kwa herufi kubwa, BP, na wote wawili hushikilia desturi hiyo. Wanakemia huandika bp au b.p. Lakini muuguzi mwenye wagonjwa arobaini kwenye foleni ataandika BP, Bp au bp kadiri kalamu ilivyokwenda, na maana yake itakuwa ile ile.

Hatua ya pili: tazama namba na kizio chake

Kizio ndicho shahidi mkubwa. Namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, ya kwanza kubwa kuliko ya pili, karibu kila mara ni shinikizo la damu. Namba inayofuata kifupisho na kuishia na nyuzi za joto ni kiwango cha mchemko. Namba inayotangulia herufi ndogo bp ni urefu wa kipande cha DNA, na huenda ikawa na kiambishi cha elfu au milioni, yaani kbp au Mbp. Namba inayotangulia herufi kubwa, hasa ikiwa na alama ya ± au neno "cal" ubavuni, ni miaka. Na kifupisho kinachofuata jina la dawa, kisha kikafuatwa na miligramu, ni kitabu cha viwango cha Uingereza: hizo miligramu ni kipimo cha dawa na hazihusiani na herufi zenyewe.

Maelezo yaliyobaki ni kuzipitia maana hizi moja moja, kwa sababu kila moja ina mtego wake.

Shinikizo la damu

Hii ndiyo maana tunayoijua kwa jina la presha. Kipimo chake ni milimita za zebaki, mmHg, na hapo ndani kuna kifupisho kingine: Hg ni alama ya kikemia ya zebaki, iliyotokana na jina lake la Kilatini, hydrargyrum. Zebaki imeingia kwa sababu kipimo chenye mkanda wa mkononi, alichokibuni daktari wa Kiitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, kilisukuma safu ya zebaki ndani ya bomba la kioo, na urefu wa safu hiyo ndio uliosomwa. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi Nikolai Korotkov alionyesha kwamba ukisikiliza mshipa chini ya mkanda utasikia mapigo yakianza na kisha yakipotea, na kutokana na hilo tukapata namba mbili badala ya moja. Namba ya juu ni shinikizo la wakati moyo unapokamua damu, na namba ya chini ni la wakati moyo unapolegea.

Kwenye mashine ya betri inayouzwa madukani utaona SYS kwa namba ya juu, DIA kwa namba ya chini, na PUL kwa mapigo ya moyo kwa dakika. Watu wengi huchanganya ya tatu na ya pili. Shirika la Afya Duniani huhesabu presha ya kupanda kuwa ni 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, ikipimwa hivyo kwa siku mbili tofauti. Madaktari wa moyo wa Marekani walishusha mpaka huo hadi 130/80 mwaka 2017, na ndiyo sababu mtu anaweza kusoma maandishi mawili ya kuaminika yanayotofautiana.

Ili namba hizo ziwe na maana, kipimo kifanywe ipasavyo. Kaa dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili ikikanyaga chini bila kukunjwa nne, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa umelazwa juu ya meza kwa usawa wa moyo, na usizungumze. Kwa nusu saa kabla ya kipimo usivute sigara wala usinywe kahawa, na hili nalisema kwa mkazo kwa wazee wetu wanaokuja kupimwa moja kwa moja kutoka barazani, kikombe cha kahawa chungu kikiwa bado kinanukia mkononi. Mkanda uwe na ukubwa unaolingana na mkono, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko ukweli. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na uandike vipimo vyote viwili pamoja na saa na tarehe.

Kitabu cha viwango cha Uingereza

Hapa ndipo bibi yule alipopotea, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu madhara yake yanagusa uhai wa mtu.

British Pharmacopoeia ni kitabu kinachoeleza dawa inapaswa kuwaje: iwe na kiasi gani cha kiini chake, iyeyukeje, uchafu usiozidi kiasi gani, na ipimwe kwa njia ipi. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1864, likiunganisha vitabu vitatu vilivyokuwa vikitumika London, Edinburgh na Dublin. Mtengenezaji anapoandika BP baada ya jina la dawa anadai kwamba dawa yake inatimiza masharti ya kitabu hicho, na kiwanda chake si lazima kiwe Uingereza. Vivyo hivyo utaona USP kwa kitabu cha Marekani na IP kwa kitabu cha Uhindi, na ukipekua rafu ya duka lolote la dawa hapa pwani utavikuta vyote vitatu.

Tuchukue mfano wa sharti moja. Kwa vidonge vya parasetamoli, kitabu hicho kinataka kiasi cha dawa kiwe kati ya asilimia 95 na 105 ya kile kilichoandikwa. Kwa hiyo vidonge vilivyoandikwa miligramu 500, vikipimwa kwa wastani, viwe na miligramu kati ya 475 na 525. Hiyo ndiyo aina ya ahadi inayobebwa na herufi hizo mbili, nayo haisemi chochote juu ya ugonjwa unaotibiwa.

Sasa angalia jinsi mtego ulivyotegwa. Pakiti ya atenololi, ambayo kweli ni dawa ya presha, huandikwa "Atenolol Tablets BP". Pakiti ya parasetamoli huandikwa "Paracetamol Tablets BP". Mafuta ya kalamini ya kupaka mtoto mwenye tetekuwanga huandikwa BP, spiriti ya kusafishia kidonda huandikwa BP, na maji safi ya kuchanganyia dawa ya sindano huandikwa BP. Mtu anayemeza atenololi huona herufi hizo kila asubuhi juu ya dawa iliyomshusha presha, na akili yake huunganisha vitu viwili vilivyokutana kwa bahati tu. Ukitaka kumshawishi mzazi wako kwamba herufi hizo hazimaanishi presha, usimpe hotuba. Mwonyeshe chupa ya spiriti ya kidonda yenye BP, naye ataelewa mara moja kwamba hakuna anayekunywa spiriti kwa ajili ya presha.

Kwa hiyo, ukiwa na dawa mkononi, fuata utaratibu huu: tafuta jina kamili la kiini cha dawa, kisha kiasi chake kwa miligramu, kisha tarehe ya kuharibika, na mwisho linganisha jina hilo na lile lililo kwenye karatasi ya daktari, herufi kwa herufi. Herufi BP uziruke kabisa katika kazi hiyo. Wala usizichukue kuwa ushahidi kwamba dawa si bandia, kwa kuwa anayeghushi pakiti hughushi na herufi zake. Ukiwa na shaka, nenda kwa mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na umpelekee pakiti yenyewe badala ya kumsimulia.

Kiwango cha mchemko, na chupa moja yenye maana mbili

Kiwango cha mchemko ni joto ambalo kimiminika hubadilika kuwa mvuke kwa kuchemka. Maji safi ufuoni Lamu huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi zipatazo 94, na ndiyo maana maharagwe ya huko huchelewa kuiva ingawa sufuria inatokota kweli kweli. Kimiminika huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na shinikizo la hewa lililo juu yake. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke haungoji joto jingi. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, na zebaki yenyewe kwenye nyuzi 357.

Kwa sababu hiyo mwanakemia makini hataji joto bila kutaja shinikizo. Chukua gliserini, ambayo wengi hupaka kwenye ngozi na midomo wakati wa kaskazi kavu. Kwenye chupa ya dukani imeandikwa "Glycerin BP". Kwenye orodha ya kemikali za maabara, kimiminika kile kile kina maelezo haya: "bp 182 °C/20 mmHg". Msomaji aliyefundishwa kwamba mmHg ni alama ya presha ya damu ataona bp, ataona mkwaju, ataona mmHg, na atakuwa na hakika kabisa ya jambo lisilo la kweli. Maana halisi ni kwamba gliserini huchemka kwenye nyuzi 182 endapo hewa iliyo juu yake imenyonywa mpaka shinikizo limebaki milimita 20 za zebaki, ilhali katika hewa ya kawaida, yenye milimita 760, huchemka kwenye nyuzi zipatazo 290.

Kinachokuokoa hapa ni kuyasoma maandishi yote: nyuzi za joto zipo, na zimesimama mahali ambapo namba ya juu ya presha ingekuwa. Walimu wa kemia, naomba muufundishe mfano huu darasani, kwa kuwa katika chupa hiyo moja mwanafunzi anapata BP ya kitabu kwa herufi kubwa na bp ya mchemko kwa herufi ndogo.

Miaka kabla ya 1950

Ukienda kwenye magofu ya Gede karibu na Malindi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, au ukisoma juu ya Shanga kisiwani Pate, utakutana na maandishi kama "1150 BP". Hapa herufi ni kifupisho cha Before Present, yaani kabla ya sasa, lakini hiyo "sasa" imefungwa kwenye mwaka 1950 na haisogei. Njia ya kupima umri kwa kaboni-14, yaani aina ya kaboni inayopungua taratibu tangu kiumbe kinapokufa, iliyobuniwa na Willard Libby wa Marekani na wenzake na kumpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960, ilianza kutumika wakati huo, na muda mfupi baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 hewani na kuvuruga hesabu. Kwa hiyo mwaka 1950 ulichaguliwa kuwa kigingi.

Sisi wa Lamu tumezoea kalenda mbili, ya Hijria na ya Miladia, na hii inakuwa ya tatu. Kwa umri uliokwisha kurekebishwa, jambo nitakalolieleza hapa chini, hesabu yake ni rahisi: toa idadi ya miaka BP kutoka 1950, na jibu ni mwaka wa Miladia. Basi 1150 BP ni 1950 kutoa 1150, yaani mwaka 800 BK. Kosa linalofanywa kila siku ni kusema "miaka 1,150 iliyopita". Kwa anayesoma mwaka 2025 ni miaka 1,225 iliyopita, kwa kuwa ni lazima aongeze ile 75 iliyopita tangu kigingi kiwekwe. Namba ikizidi 1949 utavuka kwenda kabla ya Kristo, na hapo utatoa 1949 kutoka kwenye namba yenyewe, kwa kuwa hakuna mwaka sufuri katika kalenda: 3000 BP ni mwaka 1051 KK.

Jaribu mwenyewe kwa kurudi upande mwingine. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika miaka ya 1980, aliziweka tabaka za chini kabisa za mji ule katika karne ya 8 BK. Karne hiyo ilianza mwaka 701 na kuisha 800. Toa kila mmoja kutoka 1950, nawe utapata 1249 na 1150. Kwa hiyo ukikuta kipande cha mkaa cha Shanga chenye umri uliorekebishwa wa 1200 BP, utajua kinaangukia katika karne ile ile, mwaka 750.

Nimesema umri uliorekebishwa kwa makusudi. Kiasi cha kaboni-14 hewani hakikuwa sawa nyakati zote, kwa hiyo matokeo ya maabara hulinganishwa na pete za miti na kumbukumbu nyingine za asili, na baada ya hapo huandikwa "cal BP". Hesabu ya kutoa kutoka 1950 inafaa tu kwa umri wenye "cal". Usipoiona, chukulia kwamba namba ni ya maabara na bado haijawa kalenda. Alama ya ± nayo isiachwe: "1150 ± 40" ni wigo wa miaka, na haitaji siku ya tukio. Kuna tahadhari nyingine inayotuhusu sana sisi watu wa bahari. Kome, chaza na samaki hupata kaboni yao kutoka majini, ambako kaboni ni kuukuu, na kwa hiyo gamba lililookotwa katika jaa la kale linaweza kuonekana lina umri mkubwa kuliko ukweli kwa takriban miaka 400 kabla ya kusahihishwa. Ukisoma umri wa kitu cha pwani, uliza kwanza ulipimwa kutokana na mkaa wa mti au kutokana na gamba.

Njia hii inafikia takriban miaka 50,000 na kukoma. Yule mtoto aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, ambaye watafiti walimwita Mtoto na kumtangaza mwaka 2021, ana umri wa miaka ipatayo 78,000, na umri huo ulitokana na kupima mwanga uliohifadhiwa ndani ya chembe za mchanga wa kaburi lake. Usitarajie BP ya kaboni hapo.

Jozi za besi

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na baina yao kuna vidato kama vya ngazi. Kila kidato ni jozi ya besi mbili: adenini na thaimini, au guanini na saitosini. Jozi moja ni bp moja, na ndicho kizio cha urefu. DNA ya mitokondria ya binadamu ina bp 16,569. Vinasaba vyote vya kimelea hatari cha malaria, Plasmodium falciparum, vilivyosomwa vyote kwa mara ya kwanza mwaka 2002, vina takriban milioni 23, na vya binadamu takriban bilioni 3. Kwa kuwa jozi moja huchukua nanomita 0.34, hizo bilioni 3 zikinyooshwa hufikia karibu mita moja. Mwanafunzi wa Malindi anayeota kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi ataishi na kifupisho hiki kila siku, kwa hiyo akizoee mapema. Ajue pia kwamba virusi vyenye uzi mmoja tu wa RNA, kama kile cha korona, havihesabiwi kwa jozi: urefu wake wa takriban 29,900 huandikwa nt, yaani nyukliotidi moja moja, kwa sababu hakuna cha kukiunganisha upande wa pili.

Maana hii na ile ya miaka zinakutana katika utafiti mmoja unaotugusa wenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya Waswahili, wakiwamo waliozikwa Manda na Faza. Katika kazi za aina hiyo DNA iliyochakaa hupatikana ikiwa vipande vifupi, mara nyingi chini ya bp 100, na mifupa yenyewe hupewa umri kwa cal BP. Nitatunga sentensi ya mazoezi: "Vipande vya bp 60 vilitolewa kwenye jino la 600 cal BP." Msomaji asiyetofautisha atadhani kuna jino la miaka 60 na jingine la miaka 600. Anayetofautisha atasema kwamba kipande kina vidato 60, na mwenye jino alifariki karibu na mwaka 1350.

Maana za mafundi na za kompyuta

Hizi nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa wanaozikuta huwa tayari wako ndani ya fani. Kwenye mchoro wa kipokezi cha redio, BP ni chujio linaloruhusu bendi moja ya mawimbi na kuzuia nyingine. Kipokezi cha GPS cha wavuvi wetu kina chujio la aina hiyo kuzunguka megahezi 1575.42, na mitambo ya setilaiti iliyoko Ngomeni, mahali palipotumika kurusha setilaiti Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, haiwezi kufanya kazi bila machujio kama hayo. Kwenye lugha ya mashine ya kichakataji cha Intel 8086 cha mwaka 1978, BP ni rejista inayoshika anwani ya msingi ndani ya rundo la kumbukumbu. Kwa wanaofundisha mitandao ya neva ya kompyuta, ni njia ya kurudisha kosa nyuma ili mtandao ujirekebishe. Wataalamu wa benki wana bp yao pia, ambayo ni sehemu moja ya mia ya asilimia moja.

Hatua ya tatu: weka maana kamili mahali pa kifupisho, kisha usome kwa sauti

Ukishadhani umepata maana, futa herufi na uandike maneno yote. "Paracetamol, vidonge vya shinikizo la damu, miligramu 500": je, parasetamoli hushusha presha? La, hivyo maana hiyo imeanguka. "Parasetamoli iliyotengenezwa kwa kiwango cha kitabu cha Uingereza, miligramu 500": inakaa sawa. Pima pia ukubwa wa namba. Presha ya 650 haipo kwa mtu aliye hai. Urefu wa DNA hauwezi kuwa na ±40 iliyopimwa kwa miaka. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 182 juu ya jiko la kawaida hayapo. Namba isiyowezekana ni dalili kwamba umeshika maana isiyo yake.

Zikibaki maana mbili zinazowezekana, muulize aliyeandika au mtu wa fani yake. Katika jambo la dawa usikisie kabisa, hata kama una hakika kiasi gani.

Hatua ya nne: unapoandika wewe, usimwachie msomaji kazi hii

Katika maandishi ya shule au ya kazi, taja maneno kamili mara ya kwanza, kisha tumia kifupisho kimoja kwa maana moja tu hadi mwisho. Kama ni lazima utumie bp na BP katika ukurasa mmoja, andika moja yao kwa maneno. Kwenye daftari la presha la nyumbani usiandike BP hata kidogo. Andika "presha", tarehe, saa, na namba zote tatu.

Kwa yule bibi wa Langoni tulifanya hivi. Tulitafuta mikebe miwili isiyofanana, mmoja wa duara na mmoja wa pembe, ili mkono utambue hata taa ikizimika. Juu ya wa kwanza nilibandika karatasi yenye maandishi makubwa, "DAWA YA PRESHA, KIDONGE KIMOJA ASUBUHI", na juu ya wa pili, "MAUMIVU TU". Mjukuu wake nilimwonyesha jina la dawa lilipo, nikamkabidhi kazi ya kuhesabu vidonge kila Ijumaa na kuja dukani vikibaki saba. Na kuhusu mkasi tulikubaliana hivi: bamba likatwe kutoka upande usio na jina la dawa wala tarehe ya kuharibika, na upande wenye maandishi ubaki mzima mpaka kidonge cha mwisho kitakapomezwa.